Shajara ya mradi: kusikiliza bundi wa Pemba kwa klasta ndogo ya kompyuta

Shajara hii ni ya kazi ya kunasa sauti za usiku katika msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi ya Pemba, na kuzichambua kwa kompyuta zilizounganishwa pamoja hapa hapa kisiwani. Anayetaka kuiga, iwe Jozani au Kiwengwa kule Unguja, atakuta humu vipimo, bei na sababu za kila kilichokwama.

3 Juni 2024: hesabu kabla ya manunuzi

Bundi wa Pemba, Otus pembaensis, haishi popote duniani ila kisiwa hiki. Huwika usiku, sauti fupi moja, "hu", iwe peke yake au mfululizo. Kumtafuta kwa tochi ni kazi ya kubahatisha, maana yuko juu kwenye majani na mtu akikaribia hunyamaza. Vinasa sauti vilivyofungwa mitini vikakaa mwezi mzima vinatupa kitu ambacho matembezi hayatoi: usiku mwingi, sehemu nyingi, kwa kipimo kimoja. Bei yake ni wingi wa sauti ambazo hakuna binadamu atakayezisikiliza zote.

Mpango ni vinasa sauti 20 aina ya AudioMoth, usiku 30, kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi. Kila faili ni sekunde 295 za sauti na sekunde 5 za kupumzika, yaani faili 144 kwa usiku mmoja. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kasi ya sampuli, yaani sauti ipimwe mara ngapi kwa sekunde. Kwa kHz 48 na biti 16, msimu mmoja ungefika TB 2.45. Sauti ya bundi huyu iko chini sana kwenye kipimo cha mawimbi, kwa hiyo kHz 16 inatosha na ziada inabaki. Kwa kHz 16 kila sekunde ni baiti 32,000, faili moja MB 9.4, usiku mmoja wa kinasa kimoja GB 1.36, na msimu wote GB 816. Anayefuata popo wadogo au panzi asiige namba hii, kwa sababu sauti zao ziko juu zaidi.

Swali la pili: uchambuzi ufanyike wapi? Kupeleka GB 816 bara kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde ni siku 7 na nusu bila kukatika hata dakika, na hapa hakuna anayeweza kuahidi hilo. Kubeba diski kwa boti kutoka Mkoani ni mwendo wa saa chache, na njia hiyo tumeiweka kuwa akiba. Lakini tukitegemea boti, tutajua kinasa kimeharibika wiki nyingi baada ya kuharibika. Uchambuzi wa kwanza, ule mzito wa kupitia sauti yote, utafanyika Wete. Klasta kubwa ya bara itapokea matokeo yaliyokwisha kupungua.

19 Juni 2024: mashine

Kompyuta tano za mezani zilizotumika, kila moja viini 4 na kumbukumbu ya GB 16. Moja ni seva kuu yenye diski, nne ni nodi za kazi, jumla viini 16. Mfumo ni Debian, foleni inaendeshwa na Slurm, na folda ya pamoja inasambazwa kwa NFS.

Gharama kwa shilingi: kompyuta 480,000 kila moja, jumla 2,400,000. SSD nne za GB 240, moja kwa kila nodi, 260,000. Diski mbili za TB 4, 660,000. Moja ya kazi, moja ya nakala inayolala Chake Chake. Swichi ya gigabiti 75,000, kebo 40,000, UPS ya kVA 1 320,000. Jumla 3,755,000. Bei ya vinasa sauti vyenyewe hatuiandiki kwa kuwa usafirishaji na ushuru huibadilisha kila mara.

Anayenunua kompyuta kuukuu kwa kazi hii apime prosesa kabla ya kutoa pesa. TensorFlow, maktaba inayotumiwa na programu yetu ya uchambuzi, tangu toleo 1.6 hutolewa ikidai AVX, amri za hesabu zilizomo ndani ya prosesa, na prosesa za kabla ya 2011 hazina. Mashine itawaka vizuri, Linux itaingia vizuri, na programu itakufa papo hapo kwa ujumbe wa "Illegal instruction". Washa kompyuta dukani kwa fleshi yenye Linux, andika `grep avx /proc/cpuinfo`. Ikirudi tupu, acha. Katika fungu la kwanza tulilooneshwa mbili zilikuwa tupu, zikabadilishwa hapo hapo.

Kebo nayo ipimwe. Nodi moja ilikuwa inasoma MB 11 kwa sekunde wakati zenzake zinafika 110. `ethtool` ilionesha imeunganishwa kwa megabiti 100: nyaya za ndani ya kebo zilikuwa zimekatika, na swichi ilishuka kasi kimya kimya bila kutoa kosa lolote. Kebo mpya, tatizo limekwisha. Ukaguzi huu ni wa dakika mbili kwa nodi, na usipofanywa siku ya kwanza utatafutwa baadaye kwenye skripti ambayo haina kosa.

29 Juni 2024: kadi na betri

Kadi za kumbukumbu za GB 64, 24 kwa 28,000 kila moja: 20 za kazi, 4 za akiba. Msimu unahitaji GB 41 kwa kinasa, kwa hiyo nafasi inatosha.

Kila kadi ilipimwa kwa programu ya f3, ambayo hujaza kadi yote kisha kusoma upya kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Kadi moja ya GB 64 huchukua kama saa nzima. Katika fungu jengine la bei nafuu, lililoandikwa GB 128, kadi zilikuwa na GB 16 za kweli. Kadi ya namna hii haikatai kuandikiwa. Hupokea kila kitu na kupoteza kila kinachozidi. Kwa mpango wetu ingeonekana nzima mpaka usiku wa 11, na kuanzia hapo majina ya faili yangekuwepo na sauti isingekuwepo. Hakuna kadi inayoingia msituni bila f3.

Betri: tatu za AA kwa kila kinasa. Za bei ya chini zilizojaribiwa nje ya ofisi hazikufika usiku wa tano. Alkalini nzuri, 2,500 moja, zinabadilishwa kila baada ya usiku 15 wakati wa kuchukua kadi. Seti moja ya vinasa vyote ni 150,000, msimu ni 300,000.

8 Julai 2024: kufunga msituni

Kibali cha utafiti, barua kwa masheha wa shehia zinazopakana na msitu, na maelezo kwa wakaazi yamekamilika. Vinasa vimefungwa urefu wa mita 2, umbali wa angalau mita 400 kati ya kimoja na chengine, mbali na njia za miguu. Miti minene imependelewa kuliko minazi na mipapindi, mti wa Pemba wa jamii ya mnazi: kuti likipigwa na upepo hujaza rekodi. Kila boksi lina pakiti ya silika, na tundu la maikrofoni linaangalia chini kidogo ili matone yasikae.

Upepo wa kusi ndio tatizo la mwezi huu. Vinasa vilivyo upande wa ufukwe wa Vumawimbi vinapokea mngurumo wa mawimbi na upepo usiku kucha, katika mawimbi yale yale ya chini anayotumia bundi. Vitatu vimehamishwa ndani zaidi. Kuchuja sauti baadaye kungefuta na tulichokifuata.

27 Julai 2024: saa

Kadi za nusu ya kwanza zilipofunguliwa, vinasa saba vilikuwa vimerekodi saa zisizo zake: vinne kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 3 asubuhi, vitatu kuanzia saa 9 usiku mpaka saa 9 alasiri. Mwanzo wa usiku ulikuwa mtupu, na mchana ulijaa kunguru na pikipiki. Sababu: vilipangwa kwa kompyuta mbili tofauti. Moja ilikuwa na alama ya saa za hapa, nyengine UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya hapa kwa saa tatu), na ratiba iliyoandikwa ni moja, 18:00 hadi 06:00. Saa 18:00 ya UTC ni saa 3 usiku hapa. Hiyo ilieleza vinne tu kati ya saba. Vitatu vilivyobaki vilikuwa vimekosea kwa saa tisa kamili, maana aliyeviandaa alifuata karatasi iliyoandikwa "saa 12 mpaka saa 12" na kuiingiza 00:00 hadi 12:00, UTC.

Tiba ina sehemu tatu. Kwanza, vinasa vyote vimewekwa UTC, ratiba 15:00 hadi 03:00, na mpangilio umehifadhiwa kwenye faili moja linalopakiwa. Hakuna anayeandika namba kwa mkono. Pili, skripti ya kupokea data haiamini jina la faili. Inasoma maelezo yaliyomo ndani ya faili la WAV, ambamo AudioMoth huandika saa, eneo la saa, namba ya kifaa, volti za betri na joto. Tatu, fomu za walinzi wa msitu zimebadilishwa.

Hii ya tatu inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa itamkuta kila atakayefanya kazi hii pwani. Mlinzi akiandika "nimesikia saa 2", namba hiyo ni sahihi kwake na kwa kila mtu hapa, ila kompyuta haijui ni asubuhi au usiku. Fomu mpya ina visanduku viwili vya kutia alama, na ubadilishaji ni huu: saa za mchana, ongeza 3 upate UTC, saa za usiku, ongeza 15, na ikifika 24 au kuzidi toa 24. Saa 2 usiku ni 17:00. Saa 11 alfajiri ni 02:00. Zilizochapishwa pembeni ni saa 12 mbili, kwa kuwa ndizo zinazochanganya: saa 12 jioni inahesabiwa na mchana (15:00), na saa 12 asubuhi inahesabiwa na usiku (03:00).

Tarehe nayo. Usiku wa Ijumaa kwa wengi wetu huanza Alhamisi jua likizama. Kwenye jedwali la kompyuta usiku huo ni tarehe ya Alhamisi hadi saa 9 usiku za hapa, tarehe ya UTC inapogeuka. Safu ya "usiku wa" imeondolewa, badala yake pana "kuanzia tarehe, kuamkia tarehe". Tangu hapo taarifa za walinzi na rekodi zinakutana, na taarifa hizo ni muhimu: bila sikio la mtu anayeujua msitu hatuna cha kuipimia mashine.

Kosa jengine la saa lilitokea siku ile ile ya kubadilisha betri. Kinasa hiki betri zikitolewa husahau saa, na kisipokuwa na saa hakifuati ratiba, yaani hakirekodi kabisa. Njia nzuri ni programu ya simu inayopiga mlio maalumu, kinasa kikausikia na kujiweka saa. Inafanya kazi bila intaneti na bila kebo. Simu iwe na saa sahihi, ishikwe karibu, na mtu asiondoke mpaka taa ioneshe kuwa saa imewekwa, kama maelekezo yanavyosema.

Kwa sababu ya haya yote, usiku 15 za vinasa saba zimetolewa kwenye hesabu na muda umeongezwa hadi kila kinasa kifikishe usiku 30 kamili.

31 Agosti 2024: mwendo wa kwanza

Kunakili kadi: dakika 8 hadi 9 kwa kadi ya nusu msimu, na kila faili hupewa alama ya uhakiki ya sha256 kabla kadi haijafutwa. Hapa hakuna la kusimulia.

Uchambuzi unatumia mtandao wa BirdNET, uliotengenezwa na Cornell Lab of Ornithology pamoja na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chemnitz. Unakata sauti vipande vya sekunde 3. Faili moja lina vipande 98, msimu una vipande milioni 8.47. Kwenye kiini kimoja cha mashine hizi kipande kimoja huchukua takriban sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo viini 16 vingepaswa kumaliza msimu kwa karibu saa 15. Mwendo wa kwanza ulionesha utachukua zaidi ya wiki. Sababu zilikuwa tatu, zimekaa moja juu ya nyengine.

Ya kwanza: skripti ilikuwa inakata kila kipande na kukihifadhi kama faili lake. Hiyo ni mamilioni ya faili za KB 96 kupitia NFS, yaani GB 816 zinaandikwa upya na kusomwa upya, na kila faili linadai kufunguliwa, kuandikishwa na kufungwa. Prosesa zilikuwa zinafanya kazi kwa theluthi ya muda tu, muda uliobaki zinasubiri diski. Kwenye klasta kubwa za vyuo kosa hili ni baya zaidi, kwa sababu folda za pamoja huwa na kikomo cha idadi ya faili, na mtumiaji mmoja anaweza kuwachelewesha wote. Sasa kipande kinasomwa moja kwa moja kutoka ndani ya WAV, hakiandikwi popote.

Ya pili: kila mchakato ulijiona uko peke yake na kufungua nyuzi nne, yaani kazi ndogo nne za sambamba. Michakato minne kwenye nodi yenye viini vinne ikawa nyuzi 16 zinagombania. `OMP_NUM_THREADS=1`, pamoja na mpangilio kama huo ndani ya TensorFlow, umeshusha muda wa faili kutoka sekunde 22 hadi chini ya 10. Hakuna badiliko jengine lililoleta faida kubwa hivi kwa mstari mmoja.

Ya tatu: michakato 16 kusoma pamoja kutoka diski moja ya kuzunguka. Diski hiyo inatoa MB 100 kwa sekunde ikisoma kwa mpangilio, na hushuka vibaya kichwa kikirukaruka. Sasa kila kazi inanakili kwanza usiku mmoja wa kinasa kimoja, GB 1.36, kwenda SSD ya nodi yake, na `flock`, amri ya kufuli, inaruhusu kazi mbili tu kunakili kwa wakati mmoja. Nyengine zinachambua huku hizo zikinakili.

Mgawanyo wa kazi nao ulibadilika. Kazi moja kwa kila faili ilikuwa na maana ya kazi 86,400, na Slurm ilikataa kwa sababu kikomo chake cha kawaida cha safu ya kazi zinazoombwa pamoja ni 1,001. Kikomo kinaongezeka kwa mstari mmoja, lakini kazi ya sekunde 10 hutumia muda mwingi kuanza kuliko kufanya. Kipimo sahihi kilikuwa kinasa kimoja kwa usiku mmoja: kazi 600, kila moja dakika 23 na nusu, `--array=0-599%16`. Msimu umekwisha kwa karibu saa 15 kama hesabu ilivyosema. Mashine zote kwa pamoja zinakula kama wati 320, yaani uniti 4.8 kwa msimu mzima.

21 Septemba 2024: umeme ukikatika

Umeme wa Pemba unakuja kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na mambo ni mazuri kuliko zama za jenereta. Hata hivyo klasta lazima ijengwe kwa kudhani utakatika katikati ya kazi. UPS inabeba seva kuu na swichi tu, kama dakika 40. Kununua UPS za nodi zote kungegharimu karibu theluthi ya bei ya klasta, na hakuna haja: kazi ikipotea ni dakika 23.

Hasara ya kweli ilikuwa jedwali lililoandikwa nusu. Kazi iliyokatwa iliacha faili la matokeo lenye saa nne za usiku badala ya 12, na mzunguko uliofuata ukaliona lipo na kulipita. Sasa matokeo yanaandikwa kwa jina la muda, na `mv` inalipa jina lake la kweli baada ya safu kuhesabiwa kuwa zimetimia. Skripti ya kuendeleza inatafuta majina yaliyokosekana na kuyarudisha kwenye foleni.

Umeme uliporudi, nodi mbili zilikataa kupokea kazi huku zikiwa zinawaka na kujibu ping. Munge, inayothibitisha mawasiliano ya Slurm, hukataa hati ikiwa saa za mashine mbili zimeachana kupita dakika tano. Betri ndogo za ubao mama, CR2032, zilikuwa zimekufa kwa uzee, kila umeme ukizimwa saa inarudi miaka nyuma, na intaneti haikuwepo ya kuirekebisha. Betri tano kwa 10,000 jumla. Seva kuu imefanywa mtoaji wa saa kwa chrony, na `makestep` inaruhusu nodi kuruka mara moja kwenye saa sahihi badala ya kusogea polepole.

Mawili ya mwisho: kwenye BIOS weka mashine ijiwashe umeme unaporudi, na folda za NFS zifungwe kwa `x-systemd.automount`, la sivyo nodi inayowahi kuwaka kabla ya seva hubaki bila folda mpaka mtu aende kuigusa.

19 Oktoba 2024: vekta badala ya majibu

Mwendo wa Agosti haukuhifadhi jina la ndege. Ulihifadhi vekta ya sifa ya kila kipande, namba 1,024 ambazo mtandao huzitoa kabla ya kuamua ni ndege gani. Kwa namba za baiti 2, msimu wote ni GB 17. Hapa ndipo pana faida kubwa ya mradi huu, na ningependa kila mwenye data za namna hii aifikirie: saa 15 nzito zinalipwa mara moja, na kila swali jipya baada ya hapo linajibiwa kwa dakika kutoka kwenye vekta.

Kiainishi kidogo cha bundi, yaani programu ya kuamua kama kipande kina bundi au hakina, kimefunzwa juu ya vekta hizo kwa vipande vilivyosikilizwa na watu wawili kila mmoja peke yake. Palipotofautiana, kipande kiliwekwa kando. Matokeo ya kwanza yalionesha bundi wengi mno kati ya saa 11 na nusu na saa 12 alfajiri. Tuliposikiliza, walikuwa hua. Mlio wao wa chini wa alfajiri unafanana vya kutosha kuidanganya mashine. Vipande vya hua viliongezwa upande wa "siye", kiainishi kikafunzwa upya, na kilele hicho kikapotea. Komba hawakuleta shida, popo wachache, na jenereta ya mbali ilileta kiasi mpaka nayo ikapata vipande vyake.

Kuhusu kHz 16: mtandao ulifunzwa kwa kHz 48, kwa hiyo sauti inapandishwa kabla ya kuingia na sehemu ya juu inabaki tupu. Kuhakikisha, vinasa viwili vilifungwa mti mmoja, kimoja kHz 16, kimoja 48. Usiku zilizokuwa na bundi zilikuwa zile zile kwa vyote viwili. Viwango vya alama vilitofautiana, hivyo kizingiti cha kimoja hakifai kwa chengine.

Sauti za watu zimo pia, licha ya umbali kutoka njiani: mazungumzo, adhana, redio. Vipande vyenye maneno ya watu vinatambuliwa na kufutwa Wete, kabla nakala ya Chake Chake haijaandikwa. Kinachotoka kisiwani ni vekta tu. Masheha walielezwa hivyo, na ndivyo inavyofanyika.

16 Novemba 2024: mvua ya vuli, na klasta ya bara

Msimu wa pili wa rekodi umekutana na vuli. Mvua kwenye majani hufunika kila kitu, na kiainishi husema hakuna bundi. Jibu hilo ni la hatari, maana kwenye modeli ya umiliki wa makaazi, hesabu ya kukadiria ndege yuko sehemu zipi, usiku wa mvua unageuka ushahidi kwamba ndege hayupo. Kila kipande sasa kina hali tatu: amesikika, hakusikika, haikusikilizika. Usiku ambao zaidi ya nusu ya vipande vyake ni vya mvua unaandikwa kama siku ambayo hakuna aliyekwenda msituni.

GB 17 zimekwenda bara kwa `rsync --partial` kwa muda wa kama saa 4 za mtandao, zimekatika njiani na kuendelea zilipoishia. Huko tumepewa nafasi kwenye klasta ya chuo kikuu kwa kazi ambayo mashine za Wete zingeifanya kwa taabu: mipangilio 200 ya kiainishi, kila mmoja ukipimwa kwa mafungu matano, kazi 1,000. Mafungu yamegawanywa kwa vinasa, si kwa vipande. Vipande viwili vinavyofuatana ni bundi yule yule kwenye tawi lile lile. Kimoja kikiwa kwenye mafunzo na kimoja kwenye mtihani, alama zinapanda kwa udanganyifu.

Mambo mawili ya foleni. Maombi ya kwanza yaliomba nodi nzima kwa saa 48 "kwa usalama", yakasubiri sana. Kazi hizo hizo zilipoombwa kiini 1, GB 4 na dakika 30, zilijipenyeza kwenye mianya baina ya kazi kubwa za wengine na kwisha usiku mmoja. Pima kazi moja kwa `sacct`, amri ya Slurm inayoonesha kazi imetumia nini, kisha omba kilichotumika na robo juu yake. Pili, programu zote zimefungwa kwenye kontena ya Apptainer, kifurushi chenye programu na maktaba zake, iliyojengwa Wete, kwa sababu mgeni haruhusiwi kusakinisha kitu, na matoleo ya maktaba huko si ya hapa.

14 Desemba 2024: hali ilivyo

Ramani ya mwanzo ya usiku ambazo bundi amesikika kwa kila kinasa imekabidhiwa kwa walinzi wa Ngezi ikiwa kwenye karatasi kubwa, saa zimeandikwa kwa hesabu yao. Wameshasahihisha sehemu mbili: kinasa kimoja kilichokuwa na alama nyingi kiko karibu na mti ambao wao wanajua bundi hulala, na chengine kilichokuwa kimya kina mzinga wa nyuki mita chache nyuma yake. Rekodi za hicho cha pili zilisikilizwa upya na ni kweli, mvumo umefunika usiku kucha. Kitahamishwa.

Gharama za uendeshaji tangu mwisho wa Juni, mbali na mashine: kadi 672,000, betri za misimu miwili 600,000, betri za ubao mama 10,000, silika na kamba 85,000. Nauli na posho za walinzi ziko kwenye bajeti ya msitu.

Mpangilio wa msimu wa kaskazi umefungwa: kHz 16, UTC, 15:00 hadi 03:00, faili moja la mpangilio kwa vinasa vyote. Kadi 24 zimepitishwa upya kwenye f3, mbili zimetupwa. Vinasa vinaingia msituni wiki ya pili ya Januari, na kadi za kwanza zitafunguliwa baada ya usiku 3 badala ya 15, kuangalia saa na volti kabla ya kuviacha viendelee.